Naomba ushauri: riwaya ya mapenzi ya Kikristo

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika riwaya ya wachumba wawili, mwalimu wa kwaya na muuza vitenge. Matangazo ya ndoa yameshasomwa Jumapili mbili. Kabla ya ya tatu, binti anagundua jamaa ana mtoto Morogoro. Hapo nimekwama. Akisamehe baada ya mkesha mmoja wa maombi, inageuka mahubiri, na hayo tunayasikia kila wiki. Kitabu cha Ruthu kinanipa moyo: mjane anakwenda usiku kulala miguuni pa Boazi kwenye kiwanja cha kupuria, na Mungu hasemi neno. Je, hasira ya binti niiache idumu sura ngapi? Na busu la kituo cha daladala, ambalo mama mchungaji kasema nifute, libaki?