Mrejesho: Sauti imeishinda taa

Habari zenu. Niliwauliza namna ya kupima wepesi wa wanafunzi wangu wa klabu ya sayansi, hapa mtaani Umoja, Nairobi, kuitikia mwanga, sauti na mguso bila mashine ya bei ghali. Asante sana aliyenishauri niachane na kupima kwa simu: kioo chake kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde kinaweza kuchelewesha kipimo kwa karibu milisekunde (elfu za sekunde) 17.

Tulitumia rula. Mmoja anaiachilia, mwenzake anaidaka kwa vidole viwili. Umbali inaoshuka kabla ya kudakwa ndio unaotupa muda: ikishuka sentimita 15 ni sekunde 0.175; ikishuka 20 ni 0.20. Kwa sauti, mdakaji anafumba macho na mwachiliaji anagonga meza papo hapo anapoiachilia.

Macho yalishindwa, tena waziwazi. Ishara ya sauti hufika ubongoni kwa milisekunde 8 hadi 10, ya mwanga 20 hadi 40. Kasheshe ilikuwa honi za matatu: ikilia tu, mtoto anafumba vidole na rula bado iko juu! Majaribio hayo tuliyafuta.

Mguso bado unanisumbua. Kugusa bega na kuachilia rula kwa wakati mmoja si rahisi, kwa hiyo namba zake siziamini hata kidogo. Mwenye mbinu anipe.