Dogo kavamiwa usiku akajitetea, leo yuko mahabusu kwa kesi ya mauaji, hiyo sheria mnaisoma kweli??

Wakuu, mimi sio mwanasheria ila nimechoka.

Mdogo wangu ana kiduka, unga, vocha, mafuta ya kupima, na analala humo humo. Saa nane usiku jamaa kavunja mlango kaingia na panga, dogo akakatwa juu ya kiwiko, wakalinyang'anyana gizani, dogo akaliwahi, akamkata jamaa mara tatu. Jamaa kafia pale mlangoni kwenye viroba vya unga. Aliyempigia simu mwenyekiti wa mtaa ni dogo mwenyewe, damu zinamtoka!

Shitaka? MAUAJI. Na mauaji hapa Tanzania hayana dhamana, kwahiyo mwezi wa 14 huu kila wiki mbili karandinga, pingu, "upelelezi haujakamilika", "mshtakiwa hutakiwi kujibu chochote, mahakama hii haina mamlaka", rudi gerezani. Bi mkubwa anakaa kwenye benchi na mfuko wa ndizi ambao hata hawamruhusu kumpa.

Sasa wakili kanionyesha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kile kifungu cha 18B. Kinasema ukijitetea ukatumia nguvu kupita kiasi na mtu akafa, kosa lako ni kuua bila kukusudia. Sheria yenyewe imeshasema! Na kuua bila kukusudia kuna dhamana. Yani tuseme dogo alizidisha, haya, si ndio mumshtaki na hilo la kuzidisha? Na kama hakuzidisha, kifungu kinachofuata kinamlinda kabisa, mtu akiamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba anaokoa uhai wake. Mauaji ya kukusudia yametokea wapi hapo?

Kuna watu mtaani wanahesabu, oh la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu la nini. Wewe umelala na neti yako unahesabu mapanga ya mwenzio aliyekuwa gizani hajui nje wamebaki wangapi. Sikatai, hilo la tatu hata mimi linanisumbua, nilimuuliza dogo akanyamaza weee mwisho akasema "braza sikumbuki". Ila hilo ni la jaji kupima, sio la kumuozesha mtu ndani kwanza.

Kilichonitoa machozi ni mpelelezi kutuambia "mtaenda kuthibitisha huko Mahakama Kuu kwamba alijitetea". Tuthibitishe sisi?? Mwenye mzigo wa kuthibitisha si upande wa mashtaka, tena bila kuacha shaka, dogo kazi yake ni kueleza tu ilivyokuwa.

Naomba waliopitia hii kitu waseme, kuna mtu shitaka lake lilibadilishwa kuwa kuua bila kukusudia kabla halijafika Mahakama Kuu? Mliandika barua kwa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) au wakili aliingilia wapi? Tunarudi tena Jumanne, na wale wa "angekimbia" mniambie angekimbilia wapi, duka lina mlango mmoja.