Mrejesho: dezati ya nanasi imeganda!

Asalaam aleikum. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini dezati yangu ya tabaka haigandi, biskuti chini, krimu katikati, nanasi na jeli juu, na asubuhi nikakuta supu ndani ya bakuli.

Shoga aliyeniambia kosa ni nanasi bichi, yaani lisilopikwa, Mungu akupe kheri. Kumbe nanasi lina kimeng'enya kinachokata jelatini, ile inayogandisha jeli, hata ulaze kwenye friji siku tatu. Papai nalo vivyo hivyo. Safari hii nimelikatakata, nikalichemsha na sukari kidogo kama dakika tano, nikaacha lipoe ndiyo nikatia jelatini (ya ng'ombe, nimesoma pakiti mara mbili). Likashika.

Chini nimeponda biskuti gramu 200 kwa siagi ya kuyeyusha gramu 100, nikashindilia kwa kitako cha glasi. Kwenye krimu nimetia maziwa mazito ya kopo na iliki. Aliyeshauri arki ya waridi anisamehe, ile mie naiachia faluda.

Embe boribo nililonunua sokoni Darajani nimelipanga juu bila kulipika, maana halihitaji kuganda.

Umeme ulikatika saa mbili usiku, nikakataza mtu kufungua friji, hata mume wangu aliyetaka maji. Na joto hili la kaskazi! Lakini asubuhi kisu kilipita, tabaka zote tatu zikaonekana. Mamkwe, ambaye mara ya kwanza aliinywa kwa kijiko, kaomba kipande cha pili.