Mrejesho: Kayaki ya pedeli sasa imekaa sawa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini magoti yananiuma nikikanyaga pedeli za kayaki yangu ya kuvulia (mtumbwi mdogo mwembamba), na kwa nini inavuta kushoto. Pedeli nimezisogeza mbele tundu moja. Mguu ukinyooka, goti linabaki limekunjwa kidogo. Maumivu yamekwisha! Kamba za usukani nimezikaza zikalingana, inakwenda moja kwa moja. Betri ya volti 12 nimeishusha chini, nyuma ya kiti.

Kilichonifurahisha zaidi ni ule ushauri wenu wa kupita maji ya kina kifupi. Huku West Bay, Galveston (Texas, Marekani), mapezi, yale yanayosukumwa na pedeli chini ya kayaki, yalikuwa yananasa nyasi za bahari. Sasa nasukuma pedeli moja mbele kabisa, mapezi yanalala bapa chini ya kayaki, napita kwa kafi. Kafi lenyewe nimelifunga kamba.