Naomba ushauri: kupanda Salève mwezi wa kumi kwa pesa kidogo

Wandugu, jambo! Niko Lubumbashi. Mwezi wa kumi naenda Geneva kwa mafunzo, nitabaki na siku mbili huru. Nataka kupanda mlima Salève, mita 1,379, nione majani yanavyogeuka rangi. Uko upande wa Ufaransa, ila viza ya Schengen inatosha, na basi namba 8 linafika Veyrier, mpakani kabisa. Teleferiki, kile kibanda kinachopanda mlima kwa kamba, tuwaachie wenye mfuko, mimi nitapanda kwa miguu.

Shida ni viatu. Nilivipata mitumba soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, vizuri tu, lakini soli ya kushoto imeanza kufungua mdomo. Nivishoneshe, au kwenye majani yaliyolowa vitaniaibisha? Na baridi je? Mliotoka kwenye joto letu la mwezi huo, mlivaa nini?