Karl Rove aliitwa mbele ya jopo mara tano na hakushtakiwa: tetesi za mashtaka zipimwe vipi?

Mwalimu wa Uraia, Iringa

Habari za jioni, ndugu wasomaji. Ninafundisha somo la Uraia katika sekondari moja hapa Iringa mjini, na klabu yetu ya mdahalo imechagua mada ya uwajibikaji wa washauri wa viongozi wakuu. Mfano waliouchukua ni wa Marekani: Karl Rove, mshauri mwandamizi wa Rais George W. Bush, ambaye kwa takriban miaka mitatu, hadi katikati ya mwaka 2006, aliandamwa na minong'ono kwamba angefunguliwa mashtaka ya jinai wakati wowote katika shauri la kuvujishwa kwa jina la Valerie Plame, mtumishi wa siri wa shirika la ujasusi la CIA. Upande mmoja wa wanafunzi unashikilia kwamba mtu hawezi kuitwa mara tano kutoa maelezo chini ya kiapo mbele ya jopo la raia linaloamua kama kuna wa kushtakiwa, kama hana hatia, hivyo alilindwa na cheo. Upande wa pili unajibu kwamba hakushtakiwa, basi hana doa. Pande zote mbili zinanitia shaka, lakini sina hoja ya kisheria ya kuwapa. Kwa nini Lewis Libby, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Makamu wa Rais Dick Cheney, alishtakiwa na Rove akaachwa, ilhali wote wawili walizungumza na waandishi kuhusu mwanamke yule yule? Naomba msaada wenu, maana mdahalo ni Ijumaa.

Wakili wa Uyole

Kamwene Mwalimu. Chanzo cha shauri hili ni safari ya Niger. Balozi mstaafu Joseph Wilson alitumwa huko Februari 2002 kuchunguza madai kwamba Iraki ilitafuta urani, na Julai 6, 2003 akaandika katika gazeti la New York Times akiyapinga madai hayo, ambayo Rais alikwisha kuyatumia katika hotuba yake ya Januari kabla ya vita vya Iraki. Siku nane baadaye mwandishi Robert Novak alichapisha kwamba mke wa Wilson, Valerie Plame, ni mtumishi wa shirika la ujasusi la CIA. Plame alikuwa mtumishi wa siri, na ipo sheria ya mwaka 1982 inayolinda watu wa namna hiyo, lakini ni sheria finyu mno: mwendesha mashtaka anapaswa kuthibitisha kwamba aliyemtaja alijua kuwa mhusika ni wa siri na kwamba serikali inachukua hatua za kumficha. Patrick Fitzgerald, mwendesha mashtaka wa Chicago aliyekabidhiwa upelelezi Desemba 2003 baada ya Mwanasheria Mkuu John Ashcroft kujiondoa, hakumshtaki mtu yeyote kwa kosa hilo. Libby alishtakiwa Oktoba 28, 2005 kwa makosa matano yaliyohusu kile alichowaambia wapelelezi na jopo: moja la kuzuia haki, mawili ya uongo chini ya kiapo na mawili ya maelezo ya uongo. Siku hiyo Fitzgerald alimfananisha anayeudanganya upelelezi na mtu anayemrushia mwamuzi mchanga machoni, kwa kuwa aliyepaswa kuamua hawezi tena kuona kilichotokea.

Sasa mtazame Rove. Alipohojiwa mara ya kwanza mbele ya jopo, Februari 2004, hakuyataja mazungumzo yake kuhusu mke wa Wilson na Matthew Cooper, mwandishi wa jarida la Time. Baadaye ikapatikana barua pepe ya Julai 2003 aliyomwandikia Stephen Hadley, naibu mshauri wa usalama wa taifa, ikionyesha kwamba amezungumza na Cooper, na Oktoba 2004 akarudi mbele ya jopo kurekebisha maelezo yake, akisema alikuwa amesahau. Kusahau si jinai. Kosa ni kusema uongo huku unajua, na sheria yao humpa unafuu shahidi anayejirekebisha mapema katika shauri lile lile. Mimi naamini hapo ndipo alipopona, ingawa Fitzgerald hakutoa maelezo hadharani; wakili wa Rove, Robert Luskin, ndiye aliyetangaza Juni 13, 2006 kwamba ameelezwa kwa maandishi kuwa mashtaka hayatarajiwi.

Kuhusu zile mara tano, Mwalimu, waeleze wanafunzi jinsi jopo lenyewe linavyofanya kazi. Ni raia wa kawaida, kati ya 16 na 23, wanaosikiliza ushahidi faraghani, na hati ya mashtaka hutoka wakikubaliana angalau 12. Si kama wazee wa baraza tuliowazoea, ambao humshauri jaji kesi ikiwa imeshaanza kusikilizwa. Wakili wa shahidi haruhusiwi kuingia chumbani. Hungoja kwenye korido, na mteja wake akitaka ushauri hutoka kuzungumza naye kisha akarudi kujibu. Mwendesha mashtaka na wanajopo hufungwa na wajibu wa kutunza siri, lakini shahidi yuko huru kueleza alichoulizwa. Kwa hiyo waandishi walibaki na vitu viwili tu: kuhesabu Rove ameingia mara ngapi, na maneno ya mawakili wenye masilahi. Kurudi mara ya tano, Aprili 2006, kungeweza kumaanisha kwamba kitanzi kinakazwa, na kungeweza vile vile kumaanisha kwamba shahidi anamaliza kueleza jambo lililobaki. Ukiwa nje ya mlango huwezi kuzitofautisha hali hizo mbili.

Msomaji wa Njombe

Wakili ametufafanulia vizuri, lakini nahofia vijana wakatoka ukumbini wakiamini kwamba kutoshtakiwa ndiko kusafishwa. Mwaka 2003 msemaji wa Ikulu ya Marekani, Scott McClellan, aliwaambia waandishi kwamba Rove hakuhusika. Juni 2004 Rais Bush aliulizwa kama atamfukuza yeyote atakayebainika kuvujisha jina hilo, akajibu kwamba ndiyo. Cooper alipoeleza Julai 2005 kwamba alizungumza na Rove, kauli ya Rais ikageuka: atakayeondolewa ni aliyetenda kosa la jinai. Yaani kipimo kilihamishwa kutoka kwenye uaminifu kazini kikapelekwa kwenye hukumu ya mahakama, na mimi naona hilo ni jambo zito kuliko tetesi zote. Mtunza stoo wa chama cha ushirika akitoa taarifa za wanachama nje, bodi haimsubiri hakimu ndipo imwite ajieleze. Rove alibaki Ikulu hadi mwisho wa Agosti 2007 na akajiuzulu mwenyewe. Tena tusiwalaumu waandishi wote kwa pamoja, kwa sababu bila wao wananchi wasingejua kwamba kauli ile ya McClellan haikuwa kweli, na mmoja wao, Judith Miller, alikaa jela siku 85 kwa kukataa kumtaja mtoa habari wake, ambaye alikuwa Libby.

Mtangazaji, Tukuyu

Nakubaliana na wa Njombe kuhusu uwajibikaji, lakini tetesi zenyewe zina madhara yake. Hati ya mashtaka ya Libby ilimtaja mtu kwa jina la "Afisa A", aliyezungumza na Novak siku chache kabla ya makala kutoka, na karibu kila mchambuzi akasema huyo ni Rove na zamu yake imefika. Mei 13, 2006 tovuti ya Truthout ikatangaza kwamba Rove ameshashtakiwa. Haikuwa kweli. Wakati huo huo Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje aliyemtajia Novak habari ya Plame kwa mara ya kwanza, alikuwa amewaeleza wapelelezi tangu Oktoba 2003, na umma ulikuja kulisikia jambo hilo kutoka kinywani mwake Septemba 2006. Macho yote yalikuwa kwa mtu mmoja.

Nafanya kazi ya redio, na najua jinsi ujumbe wa "nimeambiwa na mtu wa ndani" unavyofika kwenye simu dakika kumi kabla ya taarifa ya habari. Hapa kwetu hatusemi mtu ameshtakiwa mpaka mwandishi wetu atuletee namba ya kesi, jina la hakimu na shtaka kama lilivyosomwa. Mara nyingi tumepitwa na wenzetu kwa sababu hiyo, na sijutii.

Mwalimu wa Uraia, Iringa

Nawashukuru sana. Nabaki na maswali mawili: Libby aliishia wapi, na je, hapa nchini nani angeamua kumshtaki mtu wa ngazi hiyo?

Wakili wa Uyole

Libby alitiwa hatiani Machi 6, 2007 kwa makosa manne kati ya matano, akahukumiwa kifungo cha miezi 30 na faini ya dola 250,000. Julai mwaka huo Bush alikifuta kifungo na kuiacha faini, na Rais Donald Trump akampa msamaha kamili Aprili 2018.

Kwetu hakuna jopo la raia. Uamuzi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka asiingiliwe na azingatie haki, maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za sheria. Anaweza pia kuiondoa kesi kabla ya hukumu. Tofauti kubwa ni kwamba katika makosa makubwa sisi huanza na mshtakiwa kizimbani, kesi ikatajwa tena na tena huku tukielezwa kwamba upelelezi haujakamilika, kwa hiyo minong'ono yetu huja baada ya shtaka kusomwa.

Kama muda unaruhusu, Mwalimu, badilisheni mada ya Ijumaa. Badala ya kuuliza kama Rove alikuwa na hatia, swali ambalo hakuna mwanafunzi atakayelithibitisha, waulizeni kama Rais alipaswa kumwondoa Julai 2005, kwa yale ambayo tayari yalijulikana siku hiyo.