Naomba ushauri: konokono wanamaliza mchicha wetu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Jumamosi asubuhi, baada ya mvua ya masika kunyesha usiku kucha hapa Kisauni, mimi na mke wangu tuliingia bustanini kupalilia mchicha na bamia, na chini ya makuti makavu tuliyoyatandaza ili kuhifadhi unyevu tukakuta nyungunyungu wanono, majongoo waliojikunja, tandu mmoja aliyemfanya mwenzangu aliachie jembe, na konokono wale wakubwa wa pwani, ambao tuliwaokota 34. Majongoo hawanisumbui, kwa kuwa chakula chao hasa ni majani yanayooza. Konokono ndio wanaotoka usiku na kuuacha mchicha vikonyo vitupu. Jirani ametushauri tunyunyize chumvi, lakini nachelea itaharibu udongo na kuua nyungunyungu, na sumu ya dukani siitaki kwa sababu ya kuku wetu na kinyonga anayeishi kwenye mrehani (mke wangu ameshampa jina). Je, kuwaokota kila usiku kwa tochi kunatosha, au makuti yenyewe ndiyo yanayowapa maficho na yafaa tuyaondoe? Na mayai yao yaliyofukiwa udongoni, nyinyi huyafanyaje?